Kuutafuta Ukoo Uliopotea: Nasaba za Walowezi wa Kwanza wa Marekani

Elimu ya nasaba, yaani uchunguzi wa jinsi watu walivyofuatana kwa kuzaliana kutoka kizazi hata kizazi, ni miongoni mwa elimu kongwe za binadamu. Wafalme waliitumia kuthibitisha haki yao ya kutawala, na watu wa kawaida waliitumia kugawana mirathi na kuepuka ndoa za jamaa wa karibu. Hata hivyo, kwa muda mrefu elimu hii ilichanganya ukweli na masimulizi, na mwenye fedha aliweza kujinunulia babu yeyote amtakaye. Katika muda wa karne moja na nusu iliyopita hali imebadilika sana. Mtafiti wa nasaba wa leo hufuata kanuni za ushahidi zile zile zifuatwazo na mwanahistoria, hakimu na mwanabiolojia.

Marekani ni mojawapo ya nchi ambamo elimu hii imechunguzwa kwa upana mkubwa. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Walowezi wa kwanza walivuka bahari kutoka Ulaya katika karne ya 17. Watoto wao walihamia bara, wajukuu wakahama tena, na vitukuu wakavuka milima. Kila safari ilikata uzi mmoja wa kumbukumbu. Makala haya yanaeleza, kwa mfano wa ukoo mmoja mashuhuri, namna uzi huo unavyoweza kuungwa tena. Kisha yatalitazama swali lililo zito zaidi: kwa nini kalamu iliyowakumbuka baadhi ya watu iliwasahau wengine walioishi nao katika ardhi hiyo hiyo?

Mtu asiyemjua babu wa babu yake

Mwezi Desemba mwaka 1859, Abraham Lincoln, wakili wa mji wa Springfield katika jimbo la Illinois, aliombwa na rafiki yake Jesse Fell aandike habari fupi za maisha yake. Mwaka uliofuata mtu huyu alichaguliwa kuwa Rais wa Marekani. Lakini katika habari zile hakuweza kuupeleka ukoo wake mbali. Alijua kwamba babu yake, ambaye pia aliitwa Abraham, alitoka wilaya ya Rockingham katika Virginia akahamia Kentucky, na kwamba kabla ya hapo wazee wake walikaa wilaya ya Berks katika Pennsylvania. Zaidi ya hapo palikuwa na giza. Alieleza kwamba watu walikwisha kujaribu kuuhusisha ukoo wake na akina Lincoln wa New England, kaskazini mashariki ya nchi, lakini kilichopatikana kilikuwa kufanana kwa majina tu: Enoch, Levi, Mordecai, Solomon, Abraham.

Kwa nini mtu mwenye akili kama hiyo hakujua asili yake? Jibu limo katika siku moja ya mwaka 1786. Siku hiyo babu yake alikuwa shambani Kentucky pamoja na wanawe watatu, Mordecai, Josiah na Thomas, aliposhambuliwa na wenyeji wa asili wa nchi ile, akauawa. Thomas, aliyekuja kuwa baba yake Rais, alikuwa na umri wa miaka minane hivi. Kwa sheria ya mirathi iliyofuatwa wakati ule, mali ilimwangukia Mordecai, mwana wa kwanza. Thomas alikua akifanya vibarua huku na huku, bila kusoma, na bila mzee wa kumkalisha na kumsimulia habari za ukoo. Hivyo kifo cha mtu mmoja kilifuta kumbukumbu za karne moja na nusu.

Hapana budi tuongeze jambo moja ambalo vitabu vingi vya zamani huliruka. Masimulizi ya ukoo yanasema kwamba Mordecai alikimbilia bunduki akampiga risasi mtu aliyetaka kumchukua mdogo wake. Majina ya wana wote watatu wa Lincoln yamehifadhiwa. Jina la yule aliyepigwa risasi, ambaye watu wake walikuwa wakinyang'anywa ardhi, halikuandikwa popote.

Mnyororo wa vizazi saba

Kazi ya kuuunganisha ukoo huu ilifanywa zaidi baada ya Rais kuuawa mwaka 1865. Mwaka 1887 mtafiti Samuel Shackford alichapisha uchunguzi wake katika jarida la Chama cha Historia na Nasaba cha New England, chama kilichoanzishwa Boston mwaka 1845. Mwaka 1909 J. Henry Lea na J. R. Hutchinson walitoa kitabu kilichoufuata ukoo huo mpaka Uingereza, na mwaka 1923 Waldo Lincoln akachapisha historia ya ukoo mzima. Matokeo yake kwa ufupi ni haya.

Samuel Lincoln, kijana kutoka Hingham katika Norfolk, Uingereza, aliwasili Massachusetts mwaka 1637 akiwa mtumishi wa mfumaji wa nguo. Alikaa katika mji mpya ambao walowezi waliupa jina lile lile la Hingham. Mwanawe Mordecai alizaliwa mwaka 1657, akawa mhunzi. Mjukuu wake, Mordecai wa pili, aliyezaliwa mwaka 1686, alihamia New Jersey na baadaye Pennsylvania, alikofariki mwaka 1736. Kitukuu, John, alizaliwa mwaka 1716, akahamia bonde la Shenandoah katika Virginia katika miaka ya 1760. Kilembwe ni Abraham, aliyezaliwa mwaka 1744 na kuuawa Kentucky. Kilembwekeza ni Thomas, aliyezaliwa mwaka 1778. Na mwana wa kilembwekeza ni Rais Abraham Lincoln, aliyezaliwa Kentucky tarehe 12 Februari 1809.

Kwa hiyo yale majina yaliyofanana hayakuwa bahati nasibu. Lakini kufanana kwa majina ni dalili tu, wala si ushahidi. Kilichothibitisha habari hii ni hati za wasia na za kuuziana ardhi. Wasia wa Mordecai mhunzi wa Massachusetts uliwataja wanawe Mordecai na Abraham, ambao walikuwa wamekwisha kuhamia kusini. Wasia wa Mordecai wa pili nao ulimtaja mwanawe John na kumwachia ardhi iliyokuwa New Jersey. Baadaye John akaiuza ardhi hiyo, na hati ya mauzo ikahifadhiwa. Mtu anaweza kufanana jina na mwingine, lakini si rahisi kufanana naye jina, baba, na kipande cha ardhi kwa pamoja. Hii ndiyo kanuni kuu ya kazi ya nasaba: ushahidi mmoja hushuku, na ushahidi mbalimbali unaokubaliana huthibitisha.

Mahali pa kutafuta

Tuzitazame sasa aina za kumbukumbu ambazo mtafiti wa walowezi wa Marekani huzitumia.

Kwanza ni orodha za abiria na habari zilizoandikwa na walowezi wenyewe. Merikebu mashuhuri ya Mayflower iliondoka Plymouth, Uingereza, mwezi Septemba mwaka 1620 ikiwa na abiria 102. Takriban nusu yao walifariki kabla ya majira ya baridi ya kwanza kwisha. Twawajua kwa majina kwa sababu William Bradford, aliyekuwa gavana wao, aliandika orodha yao pamoja na habari za watoto waliozaliwa baadaye. Mswada wa Bradford wenyewe ulipotea wakati wa vita vya uhuru vya Marekani, ukaonekana London mwaka 1855 katika maktaba ya askofu, na kurudishwa Massachusetts mwaka 1897. Kwa jumla walowezi wapatao 20,000 walihamia New England kati ya mwaka 1620 na 1640. Tangu mwaka 1988 mtafiti Robert Charles Anderson na wenzake wamekuwa wakiandika habari za kila mmoja wao, familia baada ya familia, kwa kurudia hati za asili.

Pili ni madaftari ya vizazi, ndoa na vifo. Koloni la Massachusetts liliagiza mwaka 1639 kwamba matukio haya yaandikwe, na ndiyo maana nasaba za kaskazini ni rahisi kuzifuata. Kusini mambo yalikuwa tofauti. Virginia ilianza uandikishaji wa namna hii kwa jimbo zima mwaka 1853, na South Carolina mwaka 1915. Isitoshe, majengo mengi ya mahakama za kusini yaliungua, hasa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865.

Tatu ni sensa. Serikali ya Marekani imehesabu watu kila baada ya miaka kumi tangu mwaka 1790. Lakini mpaka mwaka 1840 karatasi za sensa ziliandika jina la mkuu wa nyumba tu. Mkewe na watoto walikuwa tarakimu. Kuanzia mwaka 1850 kila mtu huru aliandikwa jina, umri na mahali alipozaliwa, na kuanzia mwaka 1880 ikaandikwa pia uhusiano wake na mkuu wa nyumba. Karatasi nyingi za sensa ya mwaka 1890 ziliharibiwa na moto uliotokea Washington mwezi Januari mwaka 1921. Majina katika sensa hufichwa kwa miaka 72. Hivyo sensa ya mwaka 1950 ilifunguliwa kwa wasomaji tarehe 1 Aprili 2022.

Nne ni hati za ardhi. Mlowezi aliweza kuzaliwa, kuoa na kufa bila kuandikwa popote, lakini aghalabu hakukubali kuwa na shamba bila hati. Katika Kentucky mipaka ya mashamba ilipimwa kwa miti, mawe na vijito, na mti ulipoanguka mpaka nao ulitiliwa shaka. Thomas Lincoln alipata matatizo ya hati katika mashamba aliyoyanunua huko. Mwaka 1860 Rais mtarajiwa alieleza kwamba baba yake aliihama Kentucky mwaka 1816 kwa sehemu kwa sababu ya utumwa, lakini zaidi kwa sababu ya matatizo ya hati za ardhi. Alihamia Indiana, ambako ardhi ilipimwa kwa utaratibu wa sheria ya mwaka 1785: miraba yenye maili 6 kila upande, iliyogawanywa katika sehemu 36 za ekari 640 kila moja. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 1862, mtu aliweza kupata ekari 160 kwa kukaa na kulima miaka mitano, na faili za maombi hayo zimejaa habari za familia.

Tano ni faili za malipo ya uzeeni ya askari. Mjane wa askari wa vita vya uhuru alitakiwa kuthibitisha ndoa yake. Wajane wengi hawakuwa na cheti, wakachana ukurasa wa Biblia ya nyumbani ulioandikwa ndoa na vizazi, wakaupeleka Washington. Kurasa hizo zimehifadhiwa humo hata leo.

Mitego minne

Mwenye kuzisoma hati hizi lazima ajihadhari na mitego. Mtego wa kwanza ni majina. Katika Hingham ya karne ya 17 walikuwako watu wanne walioitwa Thomas Lincoln, na majirani waliwatofautisha kwa kazi zao: mfumaji, mtengeneza mapipa, msaga nafaka na mkulima. Mtafiti asiyeiangalia kazi ataoza mke wa mmoja kwa mwingine. Tena, neno la Kiingereza la kutofautisha mkubwa na mdogo halikuwa na maana ya baba na mwana daima. Pengine lilitaja watu wawili wa mji mmoja wasio na udugu wa karibu. Hata maneno ya jamaa yamebadilika maana: neno ambalo leo ni mkwe liliweza kuwa mtoto wa kambo. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, maana anajua jinsi neno "ndugu" linavyoweza kubeba watu wa namna nyingi.

Mtego wa pili ni kalenda. Mpaka mwaka 1752 Uingereza na makoloni yake walitumia kalenda ya zamani, ambayo mwaka wake mpya ulianza tarehe 25 Machi. Katika mwaka huo wa 1752 kalenda ilirekebishwa, na siku iliyofuata tarehe 2 Septemba ikahesabiwa tarehe 14. George Washington alizaliwa tarehe 11 Februari 1731 kwa hesabu ya zamani, nayo ni tarehe 22 Februari 1732 kwa hesabu ya sasa. Mtafiti asiyelijua hilo ataona mtoto amezaliwa kabla ya ndoa ya wazazi wake, akamsingizia mama wa watu.

Mtego wa tatu ni mipaka. Mordecai wa pili alifariki mwaka 1736 mahali panapoitwa leo wilaya ya Berks, lakini wilaya hiyo iliundwa mwaka 1752. Kwa hiyo wasia wake hutafutwa Philadelphia. Rockingham nayo ilimegwa kutoka wilaya ya Augusta mwaka 1778. Ukoo waweza kukaa nyumba moja miaka mia na hati zake zikawa katika ofisi tatu.

Kutafuta mahali pasipo penyewe kunaweza kumvunjia mtu heshima. Katika maisha ya Lincoln na baada yake, ulienea uvumi kwamba wazazi wake hawakuoana kihalali, kwa sababu waliotafuta cheti katika wilaya ya Hardin, walikokaa wazazi hao, hawakukiona. Mwaka 1878 karatasi za ndoa ya Thomas Lincoln na Nancy Hanks zilipatikana katika wilaya ya Washington, katika Kentucky hiyo hiyo. Walioana huko tarehe 12 Juni 1806. Hati ilikuwapo wakati wote, lakini Rais alikwisha kufariki miaka 13 kabla haijaonekana.

Mtego wa nne ni tamaa. Mwishoni mwa karne ya 19 matajiri wengi wa Marekani walitaka nasaba za kifahari, na mtu aliyejiita Gustave Anjou, mzaliwa wa Sweden, aliwatengenezea. Alichanganya hati za kweli na za kubuni, akaunganisha familia za walowezi wa kawaida na makabaila wa Ulaya. Nasaba zake zilinakiliwa vitabuni, na mpaka leo watafiti wanaendelea kuziondoa. Aliyesaidia sana kuisafisha elimu hii ni Donald Lines Jacobus (1887–1970), aliyesisitiza kwamba kila dai lipimwe kwa hati ya asili, hata likiwa limechapishwa mara mia.

Hata hati za asili hupingana. Daftari la kanisa la Hingham, Uingereza, laonyesha kwamba Samuel Lincoln alibatizwa mwaka 1622. Orodha ya abiria ya mwaka 1637 yasema alikuwa na umri wa miaka 18, ilhali kwa hesabu ya ubatizo angekuwa na miaka 15 hivi. Yamkini kijana aliongeza umri ili akubaliwe kusafiri. Yamkini pia alibatizwa akiwa amekwisha kuzaliwa zamani. Mtafiti mwadilifu huziandika hati zote mbili, hueleza kwa nini anaielemea moja, na humwachia msomaji nafasi ya kupinga.

Ushahidi ulio mwilini

Tangu miaka ya 1990 watafiti wamepata msaada mpya kutoka katika biolojia. Ndani ya seli za mwili mna DNA, dutu inayobeba maagizo ya urithi. Sehemu mbili za DNA zina manufaa ya pekee kwa nasaba. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume karibu bila kubadilika; hivyo hufuata njia ile ile ya jina la ukoo katika desturi ya Kiingereza. DNA ya mitokondria hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote, lakini huendelezwa na mabinti peke yao. DNA iliyobaki huchanganyika kila kizazi: mtoto hupata nusu kwa baba na nusu kwa mama.

Hesabu ya nusu hizi inafaa kufundishwa darasani. Mtu ana wazazi 2, mababu na mabibi 4, kisha 8, 16, na kuendelea. Katika kizazi cha kumi nafasi ni 1,024, na katika kizazi cha 13, ambacho kwa makadirio ya miaka 30 kwa kizazi hutufikisha karibu na siku za Mayflower, nafasi ni 8,192. Kwa wastani kila mtu wa kizazi cha kumi angechangia sehemu moja katika 1,024 ya DNA yetu, na kwa kweli wengine hawakutuachia hata chembe. Basi mtu aweza kuwa mzao halali wa mlowezi fulani, na kipimo cha DNA kisionyeshe lolote.

Mfano wa matumizi ya mitokondria umo katika ukoo huu huu. Watafiti walibishana kwa muda mrefu juu ya Lucy Hanks, mama yake Nancy, bibi yake Rais: je, alizaliwa Hanks, au alikuwa mjane wa mtu wa ukoo wa Hanks? Nancy mwenyewe hakuacha kizazi cha kike cha kupimwa. Binti yake Sarah alifariki mwaka 1828 katika uzazi, na mzao wa mwisho asiyebishaniwa wa Rais alifariki mwaka 1985. Kwa hiyo watafiti walikwenda pembeni: waliwapima wazao, kwa njia ya mama, wa mabinti wengine wa Lucy, wakawalinganisha na wazao wa mabinti wa Ann Hanks, aliyedhaniwa kuwa mama wa Lucy. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba pande zote mbili zina aina moja ya mitokondria iliyo adimu. Lucy alikuwa Hanks kwa kuzaliwa.

Wale ambao kalamu haikuwataja

Mpaka hapa tumezungumza juu ya walowezi wenye hati. Lakini katika Kentucky ile ile, siku zile zile, waliishi maelfu ya watu weusi watumwa, nao walifyeka misitu na kujenga nyumba kama walowezi wengine. Katika sensa za mwaka 1850 na 1860 watu hawa waliandikwa katika karatasi za pekee: jina la mmiliki, kisha umri, jinsia na rangi ya kila mtumwa. Majina yao, isipokuwa kwa nadra sana, hayakuandikwa. Kwa familia nyingi za Wamarekani weusi sensa ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja wazee wao kwa majina, na watafiti huuita mwaka huo ukuta.

Ukuta huo hupandwa kwa shida. Mtafiti hutumia kumbukumbu za idara iliyoshughulikia watu walioachwa huru baada ya mwaka 1865, na za benki waliyofunguliwa kati ya 1865 na 1874, ambamo mwekaji aliulizwa majina ya wazazi na ndugu zake. Zaidi ya hapo hulazimika kusoma wasia na hesabu za mali za wamiliki, ambamo mtu huandikwa kati ya ng'ombe na vyombo vya nyumbani. Kwa sheria ya Virginia ya mwaka 1662 mtoto alifuata hali ya mama yake. Kwa hiyo baba aliweza kuwa bwana mwenyewe na hati zikanyamaza.

Katika jambo hilo DNA imezungumza. Ilisemwa tangu mwaka 1802 kwamba Rais Thomas Jefferson alizaa na Sally Hemings, mtumwa wake. Mwaka 1997 mwanasheria na mwanahistoria Annette Gordon-Reed alionyesha kwamba ushahidi wa familia ya Hemings ulikuwa umepuuzwa bila sababu. Mwaka 1998 Eugene Foster na wenzake walitangaza katika jarida la Nature kwamba kromosomu Y ya mzao wa Eston Hemings, mwana wa Sally, inafanana na ile ya wazao wa baba mkubwa wa Jefferson, na haifanani na ile ya jamaa wengine waliokuwa wakitajwa kuwa baba. Kipimo peke yake kilithibitisha baba wa ukoo wa Jefferson; hati za mahali alipokuwa Jefferson kila mimba ilipotungwa zilikamilisha hoja.

Wala si kweli kwamba Waafrika wa kwanza hawakuacha hati yoyote. Mwezi Agosti mwaka 1619, mwaka mmoja na zaidi kabla ya Mayflower, Waafrika ishirini na kitu waliotekwa Angola walishushwa Virginia. Mwaka 1621 alifikishwa huko mtu aliyeandikwa Antonio. Baadaye alipata uhuru, akajiita Anthony Johnson, akaoa mke aitwaye Mary, na mwaka 1651 akapata ekari 250 kando ya kijito cha Pungoteague. Hati za mahakama zaonyesha kwamba naye alimiliki mtumwa. Mtafiti hana ruhusa ya kulificha hilo. Yeye na familia yake walihamia Maryland, alikofariki mwaka 1670. Mwaka huo huo baraza la mahakama la Virginia liliamua kwamba ardhi aliyoiacha yaweza kuchukuliwa na serikali, kwa kuwa alikuwa mtu mweusi na kwa hiyo mgeni. Mwaka 1677 mjukuu wake John alinunua shamba la ekari 44 katika Maryland, akaliita Angola. Neno hilo moja katika hati ya ardhi latuonyesha kwamba kizazi cha tatu kilikuwa bado kinajua kilikotoka, ilhali Rais Lincoln hakujua.

Kanuni za ushahidi huwabana wote kwa usawa. Mwaka 1976 Alex Haley alitoa kitabu chake mashuhuri juu ya ukoo wake kutoka Gambia, na mamilioni ya watu wakavutwa kutafuta asili zao. Mwaka 1981 Gary Mills na Elizabeth Shown Mills walionyesha kwamba mtumwa Toby, aliyesemekana kuletwa na merikebu ya mwaka 1767, alikwisha kutajwa katika hati za Virginia tangu mwaka 1762. Heshima tuliyo nayo kwa kitabu haizuii kuona kwamba pingili moja ya mnyororo imekatika. Hata hivyo, pasipo kitabu hicho pengine kumbukumbu nyingi za watumwa zisingalifunguliwa na yeyote.

Zoezi kwa darasa

Kanuni za elimu hii zaweza kujaribiwa na mwanafunzi yeyote mwenye daftari. Aanze kwa analolijua kwenda kwa asilolijua: yeye, wazazi wake, kisha wazazi wao. Kando ya kila jina aandike habari imetoka wapi, nani aliisema, na kama msemaji alikuwako jambo lilipotokea au alisikia tu. Habari mbili zikipingana, asifute hata moja. Mahali asipojua jina aache nafasi tupu, wala asiijaze kwa kukisia, kwa maana nafasi tupu huwaambia watafiti wajao pa kuchimba, na jina la kubuni huwapoteza. Na aulize hasa majina ya kina mama. Katika hati za walowezi wa Marekani wanawake wengi wametajwa kwa jina la kwanza tu, au hawakutajwa kabisa, ingawa nusu ya kila nasaba ni yao.

Mwalimu asichelewe kulitoa zoezi hili. Thomas Lincoln alikuwa na umri wa miaka minane wakati habari za ukoo wake zilipozikwa pamoja na baba yake, na watafiti walihitaji zaidi ya miaka mia kuzikusanya tena kutoka katika hati za majimbo matano. Mtoto wa miaka minane angeweza kuzisikia zote kwa jioni chache.